Ndege wa Aprili: kutoka mkeka wa bibi Ijuganyondo hadi makabati ya Berlin

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na wala sikupotea kwa ubaya. Nilikuwa nyumbani Ijuganyondo kwa kikao cha ukoo ambacho nitakieleza huko mbele, maana ndicho kilichozaa maandishi haya. Kikao hicho na picha moja niliyotumiwa kwenye simu.

Picha imetoka kwa mshkaji wangu tuliyesoma naye sekondari. Siku hizi yuko Leeds, Uingereza. Katikati ya Aprili akanirushia picha ya dirisha la jiko lake. Nje ametundika kibomba cha waya kimejaa karanga, na chini yake kisahani cha mbegu za alizeti. Ndege wamejaa: mmoja kifua chekundu, wengine kichwa cha bluu na tumbo la njano, wadogo kama kidole gumba. Akaandika: "Baridi imeisha huku ndugu yangu, majani yanachipua, ona wageni wangu." Kisha akauliza swali lililonikalia kichwani: "Vipi, ndege wa bibi bado wapo?"

Ndege wa bibi! Nilikuwa nimewasahau.

Kwa wasiolijua, Ijuganyondo ni moja ya kata 14 za Manispaa ya Bukoba. Ukisema mjini hujakosea, ukisema kijijini hujakosea pia, maana nyumba za bati na vyumba vya kupangisha zimebanana na vibanja vya migomba na mibuni. Anayejua Kihaya atasikia enyondo, yaani nyundo, ndani ya jina hilo, na hilo haliwezi kumshangaza mtu katika nchi ambayo wahunzi wake waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini leo nataka kuzungumzia vitu vyepesi kuliko nyundo.

Nilipokuwa mdogo, bibi alikuwa akianika mtama uani kwa ajili ya lubisi. Mtama ukianikwa, ndege wanakuja. Kwera wa manjano ndio wa kwanza, kelele kama wanagombania mirathi. Kisha tetere wawili wawili kwa adabu zao, kisha shomoro. Kazi yangu ilikuwa kukaa na fimbo kuwafukuza. Ila bibi alikuwa na kanuni yake: kabla ya kunikabidhi fimbo, alichota mkono mmoja wa mtama akaumwaga pembeni ya mkeka, chini ya mtini mkubwa. Wanaokula pale wasiguswe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ndege naye ni mgeni. Lakini mgeni hapewi gunia."

Hicho ndicho kisahani cha ndege cha kwanza nilichokiona maishani mwangu, miaka mingi kabla sijajua kwamba kuna nchi ambako vinauzwa dukani.

Nikaanza kusoma. Unajua mwandishi wa habari akipewa swali hawezi kulala nalo. Na jambo la kwanza lililonigonga ni mwaka.

Kuwalisha ndege nyumbani, kwa namna ile ya mshkaji wangu, kuna historia yake. Watu wamewatupia ndege makombo tangu zamani, lakini Waingereza wanautaja msimu wa baridi wa 1890 na 1891 kuwa ndipo jambo hilo lilipogeuka kuwa mazoea ya taifa. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba magazeti yaliwaomba wasomaji wamwage mabaki ya mkate nje ndege wasife. Ilipofika 1910 jarida la Punch lilikuwa tayari linaandika kwamba kulisha ndege ni burudani ya taifa zima. Leo karibu nusu ya kaya za Uingereza zinaweka chakula cha ndege nje, na biashara ya mbegu hizo ni kubwa kweli kweli.

Sasa shika huo mwaka, 1890, uje nao Bukoba. Novemba 1890, wakati baridi ile inakaribia kuanza Ulaya, hapa ufukweni kwetu alifika mzee mmoja mfupi mwenye ndevu na miwani minene, akiongoza msafara wa Wajerumani. Akaanzisha kituo ambacho ndicho kimekuwa mji wa Bukoba. Jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer, mzaliwa wa Silesia mwaka 1840, daktari. Dunia ilimjua kama Emin Pasha.

Shuleni tunafundishwa Emin Pasha wa siasa: gavana wa Ekwatoria kwa niaba ya Misri tangu 1878, akazingirwa na vita vya Mahdi, akaja "kuokolewa" na Stanley ambaye safari yake ya uokozi iliua watu wengi kuliko aliowaokoa. Tunafundishwa kwamba alifika Bagamoyo Desemba 1889, akafanyiwa karamu, na usiku huohuo akaanguka kutoka dirishani ghorofani akaumia vibaya. Kisa chenyewe ni macho. Alikuwa haoni mbali hata kidogo.

Wasichotufundisha ni kwamba huyu mtu asiyeona mbali alikuwa mwendawazimu wa ndege. Katika miaka yote ya Ekwatoria, huku vita vinamzunguka, alikuwa akiandika vipimo vya mabawa na midomo, akituma ngozi za ndege kwenye makumbusho ya Ulaya. Mtaalamu wa Bremen, Gustav Hartlaub, alizipokea na kuzipa majina. Yupo shomoro mmoja wa rangi ya kahawia iliyoiva, anapatikana hadi kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 1880 Hartlaub alimwita eminibey, kwa sababu wakati huo Emin alikuwa bado Bey, hajapanda kuwa Pasha. Miaka miwili baadaye akamwita ndege mwingine gubernator, yaani gavana. Fikiria, cheo cha mtu kinageuka kuwa jina la kiumbe kisichojua serikali ni nini.

Alipopewa kazi na Wajerumani na kutumwa Bara mwaka 1890, hakuacha. Msaidizi wake Franz Stuhlmann naye alikuwa mwanasayansi. Kwa hiyo wale waliokuja kupandisha bendera Bukoba walikuja pia na visu vya kuchunia ngozi, pamba ya kujazia ndege, na vikaratasi vya kuandikia tarehe. Februari 1891 Emin na Stuhlmann waliondoka kuelekea Karagwe na kwingineko magharibi, wakamwachia kituo Wilhelm Langheld. Emin hakurudi tena. Oktoba 1892 aliuawa huko Kongo kwa amri ya mmoja wa wakubwa wa biashara ya watumwa. Stuhlmann alirudi salama, na ndege kadhaa wana jina lake hadi leo, akiwemo kwezi mmoja wa misituni na chozi mmoja wa milima ya Ruwenzori. Baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa taasisi ya utafiti ya Amani, kule Usambara, iliyoanzishwa 1902.

Hapa naomba tusimame kidogo. Mtu haoni hatua chache mbele yake, anakusanyaje ndege? Jibu ni rahisi: wengine walimwonea. Walikuwepo Waafrika waliopiga, waliochuna, waliobeba masanduku kichwani hadi pwani. Walijua ndege gani anakaa kwenye matete, nani anaimba alfajiri, nani ukimwona mvua haiko mbali. Ujuzi ule uliingia kwenye kikaratasi kwa jina la Kilatini, ukapanda meli. Ukienda kwenye makabati ya makumbusho ya Ulaya utakuta jina la Bukoba limeandikwa kwa mkono mzuri wa kalamu ya wino. Jina la aliyempiga ndege hukuti.

Amani, miongo mitatu baadaye chini ya Waingereza, mambo yalikuwa afadhali kidogo. Alikuwepo mtaalamu Reginald Moreau, aliyefika huko 1928, na alikuwepo Salimu Asmani aliyefanya naye kazi ya ndege. Angalau jina la Salimu tunalo.

Turudi kwenye picha ya mshkaji. Ameniandikia kwamba ndege wake wanakuja kwa kuwa machipuko yamefika. Sisi Bukoba tuko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta. Hatuna machipuko. Migomba haipukutishi majani ikasubiri jua. Tuna mvua, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndipo inapopiga bati hadi usisikie redio. Kwa hiyo Aprili yake ni sherehe ya kuwasili. Aprili ya Ijuganyondo ni mwezi wa kuagana.

Wanaoondoka ni mbayuwayu.

Kama umewahi kukaa Bukoba mwezi wa Oktoba au Novemba umewaona kwenye nyaya za umeme, wamejipanga kama nukta za karatasi ya muziki. Mgongo wa bluu iliyokolea inayong'aa, koo la rangi ya kutu, mkia wa panda. Wanakuja msimu uleule wa senene, na ziwa nalo linawaandalia karamu: vile vijidudu vinavyoinuka juu ya maji kama moshi wa moto mkubwa, ambavyo mgeni akiviona mara ya kwanza anadhani meli inaungua. Mbayuwayu wanapita ndani ya moshi ule wamefungua midomo. Hawali mbegu wala mtama. Hakuna kisahani kinachoweza kumwita mbayuwayu. Machi wanaanza kupungua, Aprili ikifika katikati nyaya zimebaki tupu.

Huko kaskazini, kwa karne nyingi, watu waliwaona wakipotea kila mwaka wasijue wanakwenda wapi. Aristotle aliandika kwamba baadhi yao hujificha mashimoni wakiwa wamenyonyoka manyoya. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uppsala, alichapa kitabu chenye picha ya wavuvi wanaovuta nyavu kutoka chini ya barafu, na ndani ya nyavu, pamoja na samaki, wamo mbayuwayu waliolala! Aliamini kabisa wanazama ziwani wakati wa baridi na kuibuka majani yakichipua. Hata kasisi Gilbert White wa Selborne, mtu makini sana ambaye kitabu chake cha 1789 bado kinachapishwa, hakuweza kuliondoa kabisa wazo la kwamba baadhi yao wanalala mahali fulani palepale Uingereza.

Nilipoona hiyo nilicheka peke yangu. Wavuvi wa ziwa! Laiti wangewauliza wavuvi wa ziwa hili letu, wangewaambia mbayuwayu wa Novemba hayuko ndani ya maji, yuko juu ya mtumbwi anakula. Lakini kicheko kikaisha nilipofikiri vizuri. Na sisi je? Bibi yangu na bibi wa bibi yangu waliwaona wakiondoka kila Machi, wakajua watarudi, hawakujua wanakwenda wapi. Kila upande ulishika nusu ya kisa. Njia ya kuziunganisha zile nusu ilikuwa bado haijapatikana.

Dalili ya kwanza ilikuwa ya ajabu. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz kaskazini mwa Ujerumani, korongo mweupe alipigwa risasi akiwa na mshale umemchoma shingoni, umetokea upande wa pili. Mshale wenyewe wa mti, urefu kama sentimita 80, wa kutoka Afrika. Yaani kuna mwindaji huku kwetu alimlenga akampata, na ndege akaruka na mshale shingoni mwake hadi Ulaya. Bado yupo, amejazwa pamba, Chuo Kikuu cha Rostock. Ningependa siku moja mtu amtafute aliyetengeneza ule mshale, kama vile tunavyomjua aliyeshika bunduki ya mwisho... najua haiwezekani, lakini ningependa.

Kisha wakaja watu wa pete. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Viborg, Denmark, Hans Christian Mortensen, aliwavalisha kwezi pete za alumini miguuni zenye namba. Wazo likaenea. Mei 1911 wakili mmoja wa Staffordshire, John Masefield (si yule mshairi), alimvalisha pete mbayuwayu aliyekuwa anataga barazani kwake. Desemba 1912 ndege huyohuyo alinaswa ndani ya nyumba ya shambani karibu na mji wa Utrecht, Natal, Afrika Kusini. Kama kilometa 10,000. Barua ikaandikwa kwenda London kwa anwani iliyokuwa kwenye pete. Na hapo ndipo hadithi ya askofu Olaus na nyavu zake ilipozikwa rasmi. Kiumbe cha gramu 20, uzito wa vijiko vichache vya sukari, anavuka Sahara mara mbili kwa mwaka.

Yule Moreau wa Amani ndiye aliyejaribu baadaye kuwahesabu wote. Katika kitabu chake kilichotoka 1972, baada ya kifo chake, alikadiria kwamba ndege wa nchi kavu wapatao bilioni 5 wanashuka Afrika kila mwaka kutoka kaskazini. Mwaka 2009 watafiti wengine walirudia hesabu kwa takwimu mpya wakapata kama bilioni 2.1. Tofauti hiyo isikufanye useme bilioni tatu zimekufa, kwa sababu njia za kuhesabu si zilezile. Lakini isikufanye ulale pia.

Wengi hawajui habari ya pili, nami niliijua majuzi tu: mbayuwayu wetu wana zamu. Wakati hawa wa kaskazini wanaondoka, wanaingia wengine kutoka kusini. Mbayuwayu wa bluu, bluu mwili mzima kama chuma kilichotoka motoni, wanazaliana kwenye nyanda za juu za majani huko Afrika Kusini, Zimbabwe, Malawi na kusini mwa Tanzania. Kuanzia Aprili hadi Septemba wanakuja kukaa ukanda huu wa Ziwa Viktoria: Uganda, magharibi mwa Kenya, na kwetu Kagera, kwenye mbuga zinazozunguka msitu wa Minziro huko Missenyi. Hawa ni wachache sana duniani na wako kwenye orodha ya ndege walio hatarini. Sababu kubwa ni kwamba majani wanayoyategemea yanalimwa na kupandwa miti ya biashara. Na hapo Mhaya yeyote ataelewa, maana sisi tuna neno la majani hayo: rweya. Rweya ambazo zamani zilikuwa za kuchungia na kukatia nyasi za kutandaza ndani ya nyumba, nyingi leo zimesimamisha misindano na mikaratusi. Siwalaumu waliopanda. Nguzo moja ya mkaratusi inalipa ada. Nasema tu kilichopo.

Msitu wa Minziro wenyewe ni habari nyingine ambayo inastahili siku yake. Ndege zaidi ya 50 walioko humo hawapatikani pengine popote Tanzania, kwa sababu msitu ule ni mkia wa misitu ya Kongo na Uganda uliochungulia upande wetu. Wanajeshi wa Amin walipita ukanda ule 1978. Msitu ukabaki.

Nisiwafanye muone kama sisi Watanzania kazi yetu imekuwa kuwakaribisha ndege tu. Hapana. Sehemu kubwa ya historia yetu na ndege ni kufukuzana. Kiswahili kina kitenzi kizima kwa ajili hiyo, kuamia, kulinda shamba lisiliwe na ndege, na watoto wengi wa mikoa ya mtama na mpunga wamekosa shule wakiamia. Kwelea wakishuka kwa mamilioni shamba linakwisha kwa siku chache, na serikali za ukanda huu hupeleka ndege za kunyunyizia sumu. Mkulima wa Dodoma akiniambia kwamba mimi nalia na kwera wawili kwenye mkeka nitamwelewa. Hata kile kisahani cha Leeds kina upande wake. Tangu 2005 ugonjwa wa koo umekuwa ukiwamaliza baadhi ya ndege wa bustani za Uingereza, na unaenea pale wanapokusanyika kula sahani moja. Mshkaji anasema anaiosha kila wiki kwa maji ya moto kama sahani ya mgonjwa. Yupo pia ndege mdogo wa kijivu, dume lina kofia nyeusi, ambaye jamaa zake wengine hushuka hadi milima ya Afrika Mashariki. Wale wa Ujerumani na Austria walizoea kwenda Hispania wakati wa baridi. Tangu miaka ya 1960 wengi wameanza kwenda Uingereza badala yake, na watafiti wanaona visahani vya bustanini vimechangia. Mkono wa mtu unaomwaga mbegu umegeuza njia ambayo ndege huzaliwa nayo kichwani. Mkono mmoja wa mtama si kitu kidogo kumbe.

Haya, kikao cha ukoo.

Ule mtini ambao bibi alimwagia ndege mtama chini yake ulipandwa na babu wa babu yangu. Haukupandwa kwa ajili ya ndege wala kivuli. Ulipandwa kwa ajili ya nguo. Kabla amerikani haijaingia na misafara, Wahaya kama majirani zao Waganda walivaa magome ya mti huo yaliyopondwa kwa nyundo za mbao hadi yakawa laini, orubugo. Kila kibanja chenye heshima kilikuwa nao. Vitambaa vya dukani vikaja, magome yakabaki ya mazishi na sherehe, kisha hata hayo yakapungua. Uganda wameuenzi ufundi huo hadi UNESCO ikautangaza mwaka 2005. Kwetu miti mingi ilikatwa tu. Wetu ulisalia kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kuukata. Ukiacha kuvaliwa, ulianza kuliwa: kila ukizaa tini, kundi la ndege linahamia. Hondohondo na kelele zao za punda. Yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo wa njano anayecheka kama mlevi alfajiri. Kwezi wanaong'aa. Kisahani chenye umri wa zaidi ya miaka mia, hakijawahi kuoshwa.

Sasa sababu imepatikana. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipasua nyumba ya bibi kuanzia dirishani hadi msingi. Ukarabati umefanywa kwa mikopo, na mikopo ina wenyewe. Baba mdogo anataka kujenga vyumba vinne vya kupangisha, na mahali pazuri pa kujenga, karibu na barabara, ndipo mtini uliposimama. Kachora hadi ramani. Alizungumza kwa hesabu, na hesabu zake zilikuwa sahihi. Mimi nilizungumza habari za Emin Pasha na mbayuwayu wa Natal. Mnaweza kukisia nani alisikilizwa. Baba mdogo aliniuliza swali moja tu, mbele ya watu: "Wewe mwandishi, mwezi uliopita ulituma shilingi ngapi?" Nikanyamaza. Sikutuma.

Bibi hakusema kitu kikaoni. Kesho yake alfajiri akaniita uani, akanikalisha kwenye kigoda, akasema niandike. Tulikaa hadi saa nne. Kwa asubuhi ile moja nilihesabu aina 11 kwenye mtini na kwenye mkeka. Tisa alizitaja majina kwa Kihaya bila kusita, kuanzia enyange, yule yangeyange mweupe aliyetua kidogo akaondoka. Mbili zilimkwepa. Alijipiga paji la uso, akafumba macho, akasema dada yake wa Kanyigo anayajua, waliyaimba wakiwa wasichana. Hataki niyatoe hadharani yale tisa mpaka dada yake ayahakiki, maana, anasema, jina likikosewa kwenye karatasi halirekebishiki. Alikuwa hajasikia habari za eminibey. Nilipomwambia kwamba kuna shomoro amepewa cheo cha Mzungu, alicheka hadi akakohoa.

Fundi wa msumeno amekuja mara moja kuupima mtini. Amesema kazi ya siku mbili, na kwamba atasubiri mvua ipungue kwa sababu shina limelowa. Kwa Bukoba hiyo inamaanisha Juni. Jumamosi nakwenda Kanyigo na daftari.

Mshkaji nimemjibu: bado wapo, ila wa kwenye nyaya wameshaondoka, angalia kwako. Juzi amenitumia picha nyingine. Kisahani kimejaa kama kawaida. Nyuma yake, mbali, juu ya bati la jirani, kuna kidoa kimoja cheusi chenye mkia wa panda. Hakukiona. Nilimwambia avute picha.